Kamera moja ya picha na video: anza na video

Swali linaloingia kwenye simu yangu mara kwa mara ni hili: "Kaka, ninunue kamera gani ya picha na video?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana anayeanza kushika kazi za sendofu na harusi hapa Dar. Ana bajeti ya bodi moja tu (kamera yenyewe bila lenzi), na ameshakesha YouTube akilishwa habari za megapikseli. Namjibu: weka picha pembeni kwanza. Chagua kwa kuangalia video.

Kwa picha za mnato, kamera mbovu ni adimu siku hizi. Sony A7 III ilitoka mwaka 2018, ina megapikseli 24, na mteja akifungua albamu yake hawezi kujua kama umetumia hiyo au iliyotoka juzi. Video ndiyo inayoziumbua kamera. Moja inachemka, nyingine haina pa kuchomeka maiki, nyingine inahangaika kutafuta fokasi wakati bwana harusi anavishwa pete.

Nianze na joto, maana sisi ni watu wa Pwani. Kamera ndogo kama Sony a6400 ni nzuri na nyepesi, ila ukiirekodisha 4K (video ya ubora wa juu kuliko Full HD) mfululizo kwenye jua la Januari ufukweni, alama ya joto itatokea kwenye kioo na baadaye itajizima. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuiruhusu ivumilie joto zaidi. Iwashe siku ile ile unapoinunua. Na si lazima kila kitu kiwe 4K. Sherehe nyingi zitaishia kutazamwa WhatsApp, kwa hiyo Full HD inatosha, na kamera inapumua.

Halafu kuna ukomo wa kurekodi. Kamera nyingi za miaka iliyopita, A7 III ikiwemo, hukata zenyewe zikikaribia dakika 30. Si ubovu. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi nusu saa na kuendelea, watengenezaji wakaona bora waziwekee breki. Mahubiri ya mchungaji hayajui habari za ushuru wa Ulaya. Kama kazi zako ni ibada, mahafali na makongamano, tafuta isiyokata: a6400 haina ukomo huo, Panasonic GH5 pia haina. Ila GH5 fokasi yake ya yenyewe ni dhaifu, ni kamera ya mtu anayeiweka kwenye stendi na kushika fokasi kwa mkono. Panasonic S5 II ya mwaka 2023 imerekebisha hilo na ina feni ndani. Kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni video, mimi ningemwelekeza huko bila kusita.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, ambao wauza kamera hawausemi. Picha na video zinataka mipangilio tofauti, na harusi haikusubiri ubadilishe. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde unaweka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50, yaani sehemu ya hamsini ya sekunde. Kwa picha ya wajomba wanaocheza wakiingia ukumbini unahitaji 1/250 au zaidi, la sivyo mikono inakuwa ukungu. Ukitoka kwenye picha kwenda video ukasahau kurudisha shata, video inakuwa ya kukatakata. Na chini ya zile taa za LED za ukumbini itatoka na mistari myeusi inayopanda na kushuka usoni kwa bibi harusi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo 1/50 na 1/100 ndizo salama, na kamera iwe kwenye PAL (mpangilio wa video unaoendana na hezi 50), si NTSC (wa hezi 60). Kagua hilo hasa kwa kamera zilizotoka Japani au Marekani.

Kwa hiyo dukani usiulize megapikseli. Uliza: nikigeuza kutoka picha kwenda video, kila upande unakumbuka mipangilio yake? A7 IV ina gurudumu dogo la kufanya kazi hiyo tu, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuilipia zaidi ya A7 III, kuliko megapikseli zake 33. Kwenye A7 III unajisaidia kwa kuhifadhi mipangilio kwenye namba 1 na 2 za gurudumu la juu. Mchana nje utahitaji pia filta ya ND, ile miwani ya jua ya lenzi, vinginevyo 1/50 itaunguza picha yote iwe nyeupe.

Wapo wanaosema rekodi 4K tu, kisha utoe picha humo humo. Fremu moja ya 4K ni kama megapikseli 8, kwa posti ya Instagram inafaa. Lakini imepigwa kwa 1/50, na kila kinachotembea kimeburuzika.

Sauti sitairefusha. Tundu la maiki ni lazima. Tundu la hedifoni ni la kutamaniwa sana. A6400 haina hilo la hedifoni, A7 III inalo.

Bajeti igawe. Bodi ya mtumba yenye lenzi ya f/2.8 (inayoingiza mwanga mwingi) inaishinda bodi mpya yenye lenzi ya kwenye boksi, kwa sababu hiyo ya boksi ukizumu ukumbini picha inazidi kuwa giza. Kwa a6400, Sigma 18-50mm f/2.8 ni ndogo na inatosha kazi nyingi. Kwa A7 III, Tamron 28-75mm f/2.8. Harusi hairudiwi, hivyo bodi yenye nafasi mbili za kadi ina thamani yake. Kadi ziwe V30 (alama ya kasi ya kadi) kwenda juu: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu GB 45 kwa saa.

Ukienda Kariakoo kununua ya mtumba, muuzaji atakuonyesha idadi ya shata kwa fahari. Idadi hiyo inahesabu picha tu. Kamera inaweza kuwa na shata chache na imerekodi video miaka mitatu. Tikisa waya wa maiki na wa HDMI uone kama matundu yamelegea, funua kioo uangalie bawaba. Fungua menyu pia, maana baadhi ya Sony zilizouzwa Japani zina Kijapani tu. Kisha weka kadi yako, washa 4K, iache irekodi karibu nusu saa juu ya kaunta huku ukinywa soda. Muuzaji akikwambia hiyo nusu saa haiwezekani, maduka yapo mengi mtaa huo huo.