Ameambukizwa, au virusi vimeamka?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha wagonjwa wa utumbo, wale wenye ugonjwa wa Crohn na wenzao. Niliandika: "Mgonjwa ameambukizwa virusi akiwa anatumia steroidi." Aliyenisomea rasimu akauliza, "Nani kamwambukiza?" Nimekosea wapi?

JIBU: Sarufi yako haina kasoro. Afadhali hukuandika "mgonjwa ameambukiza virusi", kosa ninalokutana nalo kila mara, maana hapo mgonjwa ndiye angekuwa mwenezaji. Tatizo ni kwamba anayeambukizwa lazima awepo wa kumwambukiza. Msomaji wako alimtafuta huyo, asimwone.

Na mara nyingi hayupo. Kirusi kinachowasumbua sana wagonjwa hawa ni sitomegalovirusi, cha jamii moja na herpesi. Watu wengi hukipata zamani bila hata kujua, kikabaki kimejificha mwilini maisha yote. Dawa za steroidi zikishusha kinga, kinainuka. Basi sema virusi "vimeamka" au "vimeibuka upya". Tena tunalo neno tulilolizoea katika elimu ya UKIMWI: maambukizi nyemelezi. Linakaa hapa sawasawa, kwani anayenyemelea yu karibu tayari, kajikunyata tu anasubiri upenyo. (Jina la kirusi chenyewe lina asili ya Kigiriki, "seli kubwa". Seli iliyoingiliwa hutuna, na kwenye hadubini huonekana na doa jeusi ndani ya duara jeupe. Wapimaji huliita jicho la bundi.)

"Maambukizi" au "maambukizo"? Yote yanatumika; shika moja mpaka mwisho.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni "uvimbe wa utumbo" ulioutumia kwenye kichwa cha habari. Mtu akisikia uvimbe huwaza kinundu cha kukatwa. Mimi ningeandika "mchochota wa utumbo". Si neno la kila siku, ila halimtishi mtu bure. Lieleze mara moja kwamba ukuta wa ndani umewaka, una vidonda na unavuja damu.

Halafu chunga neno "huenda", usilifute. Ugonjwa wa utumbo wenyewe ukipanda pia huleta kuharisha damu, na haijulikani kama ni huo au ni virusi mpaka kinyofolewe kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Kwa hiyo: "Ukiendelea kuharisha damu na steroidi hazikusaidii, huenda virusi vilivyolala mwilini mwako vimeamka."