Furfurali kutoka magunzi ya mahindi: mbona hupatikana kidogo?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kemia. Huchukua magunzi ya mahindi kwa wachomaji mahindi wa barabara ya Mama Ngina, Mombasa, nikayasaga na kuyachemsha katika asidi ya salfuriki kwa saa kadhaa, mvuke ukipozwa na kurudi chupani, kisha ndipo hukeneka, yaani kuutoa mvuke na kuupoza uwe kimiminika katika chombo kingine. Hupata matone machache tu ya furfurali, kile kimiminika chenye umbo la mafuta, na chupani hubaki uji mweusi. Nirekebishe nini?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Ndugu msomaji, malighafi umeichagua vyema, kwa kuwa magunzi yana hemiselulosi nyingi (sehemu ya kuta za seli za mimea iliyojengwa kwa sukari), ambayo asidi huivunja kuwa sukari ya zailosi. Kasoro iko katika kuchemsha kwanza na kukeneka baadaye. Zailosi ikipoteza molekuli tatu za maji huwa furfurali, lakini furfurali hiyo ikizidi kukaa ndani ya asidi ya moto huungana na sukari ambayo bado haijageuka, na hata yenyewe kwa yenyewe, ikawa huo uji mweusi. Kwa hiyo anza kukeneka mara tu asidi inapochemka. Usihofu kwamba furfurali safi huchemka kwenye nyuzi 162 za Selsiasi, maana ikichanganyika na maji hutoka kwenye nyuzi 98 hivi.

Mvuke ukishapoa hujitenga matabaka mawili: furfurali, iliyo nzito zaidi, huzama, na maji hukaa juu yakiwa bado yameyeyusha takriban asilimia 8 ya furfurali. Hapa ndipo wengi hupoteza mavuno kwa kuyamwaga. Weka kitenganishi (chombo cha kutenga matabaka) chini ya kondensa, yaani kifaa cha kupoza mvuke, ili tabaka la maji lirudi chupani lenyewe. Hivyo pia asidi haitazidi ukali kwa kupungukiwa na maji. Ongeza chumvi ya kawaida kwa wingi (ya Gongoni yatosha kabisa), kwani huisukuma furfurali itoke majini iingie katika mvuke.

Pima mavuno yako kwa haki: gramu 150 za zailosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 96 za furfurali, hata kazi ikiwa kamilifu.

Nakusihi sana ufanye haya ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa umevaa glavu, kwa sababu furfurali ni sumu na hupenya ngozi. Isafishe kwa kuikeneka tena chini ya kanieneo (shinikizo la hewa) ndogo, kisha uihifadhi katika chupa ya kahawia iliyofungwa barabara, kwani hewa na mwanga huitia weusi.