Uliza Ujibiwe: Madoa meupe kwenye samaki wa mapambo yamerudi, dawa ni feki?

SWALI: Mwangaluka mshauri. Niko Igoma hapa Mwanza, nina tanki la lita 60 lina samaki wadogo wa mapambo, gapi na moli. Mmoja alitoka vidoa vyeupe kwenye mapezi akawa anajisugua kwenye mawe, nikanunua dawa ya matone nikaweka siku mbili vidoa vikaisha kabisa nikaacha. Sasa vimerudi kwa wote na wawili wamekufa, watoto wanalia humu ndani. Niliuziwa dawa feki? – Mama wawili, Igoma

JIBU: Mwangaluka mama, pole sana na uwape pole watoto. Dawa inawezekana kabisa ilikuwa nzima, shida ni kwamba uliiacha mapema. Huo unaonekana ni ugonjwa wa madoa meupe, vidoa kama punje za chumvi, samaki anajisugua, baadae anapumua haraka na chakula anakataa. Kila kidoa ni kijidudu kimejichimbia chini ya ngozi, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka chenyewe, kinajishikiza kwenye changarawe kinajifunga ganda, ndani ya hilo ganda kinajigawa mamia alafu watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Hao wanaoogelea ndio dawa inawaua. Kwahiyo vidoa vilipoisha vijidudu vilikuwa vimeshuka chini kuzaana, na wewe ndo ukaacha dawa muda ule ule ambao ingefanya kazi!

Kwenye maji ya joto kama ya kwetu mzunguko wote huo unaisha ndani ya wiki moja hivi, ndo maana yamerudi haraka. Anza upya na mara hii nenda siku 10 mpaka 14 hata kama samaki wanaonekana safi, ila kipimo fuata kilichoandikwa kwenye chupa, usizidishe. Mkaa wa kwenye filta utoe kwanza maana unainyonya dawa yote, sponji iache. Kama una hita pandisha joto polepole mpaka nyuzi 30, gapi na moli wanavumilia, lakini maji ya moto yanabeba hewa kidogo kwahiyo pampu ya hewa isizimwe usiku.

Dawa ikikosekana tumia chumvi ya mawe, gramu 2 kwa kila lita, kwako ni gramu 120, iyeyushe pembeni kwenye maji ya tanki uimimine kidogo kidogo siku nzima. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji matupu, chumvi haikauki na maji. Ukiyabadilisha ndo urudishe chumvi ya yale uliyotoa tu. Mimea mingi na kambale wadogo wa mapambo hawaipendi chumvi, wahamishe, ila huko nako uwatibu maana vijidudu wanavyo tayari. Kila siku mbili nyonya uchafu wa chini kwenye changarawe na mpira, unatoka na maganda.

(Wenye goldifishi msikurupuke, dume akitaka kuzalisha anatoka vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na mbele ya mapezi ya kifuani. Huyo ni mzima.)

SWALI: Niko Kirumba, tanki langu jipya, nimeosha kila kitu kwa maji ya bomba nikajaza, samaki wote wako juu wanahema midomo wazi. Nichanganye na tetrasaiklini ya famasi, ile dawa ya kuua bakteria?

JIBU: Hapana kaka, acha kabisa, hiyo utaua bakteria wazuri na kufundisha wabaya usugu. Kuhema juu mara nyingi ni maji, sio ugonjwa. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi masaa 24 au utumie dawa ya kuondoa klorini. Alafu tanki jipya halina bakteria wa kula amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi, wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga. Leo badilisha theluthi moja kwa maji yaliyotulia, washa pampu, usilishe mpaka kesho kutwa. Sponji ya filta ioshe kwenye maji uliyotoa tankini, sio bombani. Na usije ukachota maji ya ziwani, utaleta vimelea kwa samaki na kichocho kwako.

SWALI: Samaki wangu waliumwa wakapona, sasa nimewachoka, nikawaachie ziwani Capri Point?

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Ziwa letu Victoria lilikuwa na furu, samaki wadogo wa asili, wa aina mamia, sangara akaletwa miaka ya 1950 na 1960 na aina nyingi sana hatuzioni tena. Samaki wako wanaweza kuwa wamebeba vimelea hata kama wanaonekana wamepona. Mpe mtu mwenye tanki na umwambie waliumwa nini. Waliokufa wafukie, usitupe mtaroni, mitaro ya mjini inaenda mto Mirongo na Mirongo unamwaga ziwani. Wavu nao uanike ukauke kabisa kabla hujautumia kwenye tanki lingine.