Ukishawekewa saruji mguuni, usipotee

Wiki iliyopita dereva mmoja wa bodaboda alinipigia simu kutoka Kilosa. Miezi miwili nyuma alipasuliwa goko, akawekewa saruji ya mifupa pale mfupa ulipotolewa, na tarehe yake ya kurudi kwa upasuaji wa pili, wa kuitoa saruji na kujaza mfupa, imeshapita. "Kaka, kidonda kimefunga, usaha hakuna, maumivu hakuna. Narudi kufanya nini tena?" Namwandikia yeye na wenzake, maana mwaka 2021 nusura niseme maneno hayohayo.

Mimi niligongwa na lori karibu na Chalinze. Goko lilivunjika, mfupa ukatokeza nje. Hospitali ya kwanza walinishona siku ileile bila kusafisha vya kutosha, na haikupita muda usaha ukawa unalowesha shuka. Daktari bingwa wa mifupa aliyenipokea baadaye hakunificha: mfupa uliokufa lazima utoke wote, kikibaki kipande kimoja tumefanya kazi bure. Zilitoka sentimita 6. Eksirei ninayo hadi leo: mfupa juu, mfupa chini, katikati bonge jeupe la saruji, na vyuma vya nje vimeshikilia mguu wote.

Saruji ile haigeuki kuwa mfupa, hata ukae nayo miaka. Huchanganywa palepale chumba cha upasuaji, mara nyingi pamoja na dawa ya kuua bakteria. Mwanzo ni laini kama donge la unga, kisha inapata moto inapokauka. Inashika nafasi, basi. Lakini mwili ukikutana nayo unaizungushia utando wenye mishipa ya damu. Daktari Mfaransa, Alain-Charles Masquelet, ndiye aliyeitambua faida ya utando huo miaka ya 1980, naye mwanzoni alikuwa akiweka saruji ili nafasi isizibe tu. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba utando hutoa vichocheo vya kuotesha mishipa na mfupa, na huzuia mfupa uliopandikizwa usifyonzwe na mwili. Kwa njia hiyo aliziba hata nafasi za zaidi ya sentimita 20.

Kwa hiyo zile wiki 6 hadi 8 unazokaa nyumbani ukidhani umesahauliwa, ndani kunashonwa mfuko. Lakini mfuko huo bado hauna mfupa ndani, una saruji tu. Kilosa, unanisikia?

Upasuaji wa pili nilichomwa ganzi ya mgongo, nikawa macho. Daktari aliupasua utando taratibu, akatoa saruji na kunionyesha kwenye bakuli la chuma, ikigongagonga kama jiwe. Kisha nikasikia patasi kwenye nyonga, wakichota mfupa laini wa ndani, wakausaga chembechembe na kuzijaza kwenye mfuko, wakaushona. Hakuna aliyeniambia kwamba nyonga ingeniuma kuliko mguu. Iliniuma wiki tatu nzima. Jiandae.

Nafasi ikiwa kubwa, mfupa wa nyonga huenda usitoshe. Hapo daktari anaweza kuongezea chembe za madini yanayofanana na ya mfupa, kama kalsiamu fosfeti. Muulize atachanganya kiasi gani. Chembe hizo ni ngazi ya kupandia mfupa mpya, lakini hazina uhai, kwa hiyo zinahitaji mfupa wako ndani yake. Mtu akikuuzia unga wa kujaza mfupa bila upasuaji, mkimbie.

Kuhusu kusubiri, kwanza acha sigara kabisa, maana inabana mishipa ileile unayoitegemea. Safisha vinapoingilia vyuma kama ulivyoelekezwa. Ukiona wekundu, joto au majimaji, nenda siku hiyohiyo, usingoje kliniki. Uambukizo ukirudi, saruji hutolewa, panasafishwa upya na hesabu inaanza moja. Halafu kifundo cha mguu. Mimi nililaza mguu wiki nyingi, unyayo ukaanza kuelekea chini kama wa mcheza ngoma. Mama alinipa kanga yake, nikawa naipitisha chini ya vidole na kuvuta kuja kwangu, asubuhi na jioni, hadi jasho linatoka. Kama mguu wako unaruhusiwa, fanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Kukanyaga ni hadi daktari aone eksirei na akubali. Mimi nilitupa magongo baada ya miezi tisa.

Na fedha. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya upasuaji wa kwanza, mchangie yote mawili kwa pamoja. Ndugu wakishakuona unacheka na kula vizuri, mchango wa pili hauji. Nililiona hilo kwa wenzangu wawili wa wodini, na mmoja vyuma vyake vililegea kabla hajarudi.

Kijana wa Kilosa ameniambia anapanda basi Jumatatu. Nimemwagiza abebe eksirei zake zote, za mwanzo pia, na kanga.