Jeti ya maji na mkia wa chombo: anza na kisichobadilika

Mkuu, umeuliza kwa nini jeti ya maji na ule mkia unaobaki nyuma ya nguzo au chombo hutatuliwa kwa njia moja, lakini majibu hayafanani. Mimi nilikwama hapohapo chuoni, wiki nzima, kwa kosa la kijinga: niliandika kwamba kiasi cha maji kwenye jeti ni kilekile kila mahali. Pampu si inatoa lita zilezile?

Likizo nikarudi Tanga. Pale Sahare mjomba alikuwa anaosha mashua, mpira wa pampu ukamponyoka ukazama kwenye maji ya magotini, bado unatema. Vijipande vya mwani vilivyokuwa vinaelea pembeni, mbali na mdomo wa mpira, vikaanza kuvutwa polepole kuelekea kwenye jeti. Vikiifikia tu, vinachomoka nayo. Kumbe jeti inazoa maji ya jirani! Kiasi kinaongezeka njiani. Kisichobadilika ni momenta, yaani tungamo la maji yanayopita mara kasi yake.

Sasa shika kalamu. Jeti bapa iliyotulia (isiyo na vurugu): u ni kasi ya katikati, b upana, x umbali kutoka mdomoni. Maji yanayopita yanakwenda kama u mara b, na kila tone lina kasi u, basi momenta inakupa u²b isiyobadilika. Milinganyo ya tabaka la mpaka, yaani ya mtiririko mwembamba, ya Mjerumani Prandtl (1904) inakutaka u²/x (mwendo wa maji) ilingane na νu/b² (msuguano wake), ν ikiwa mnato, yaani uzito wa maji kuteleza. Basi u inakwenda kama x/b². Ipachike juu: b inakua kama x^(2/3), u inapungua kama x^(−1/3). Ukienda mbali mara 8, jeti imepanuka mara 4 na kasi imebaki nusu. Schlichting alilitatua hili mwaka 1933, Bickley akalifupisha mwaka 1937 kwa umbo la sech², kengele inayoshuka pande zote mbili. Ule mpira wa mjomba ulikuwa wa duara na wenye vurugu, kwa hiyo vipeo vyake vya x ni vingine: upana unakwenda na x, kasi na 1/x.

Mkia ni rahisi zaidi, ingawa vitabu huuweka mwisho. Mkondo mkubwa una kasi U, nyuma ya nguzo kuna upungufu mdogo wa kasi, d, na b sasa ni upana wa mkia. Kwa kuwa d ni ndogo, d mara d unaitupa, na mlinganyo unageuka ndugu wa ule wa joto kusambaa kwenye chuma. Kisichobadilika ni d mara b, ambayo ndiyo inayobeba ukinzani wa nguzo. Ud/x ilingane na νd/b²: b inakua kama kipeuo cha pili cha x, d inapungua vivyo hivyo, umbo ni kengele ya Gauss. Karibu na nguzo yenyewe usiitumie, d bado ni kubwa.

Halafu usije ukapima nyuma ya boti ya mashine inayokwenda kwa mwendo mmoja. Pangaboi linarudisha kwenye maji momenta ileile ambayo mwili wa boti umeipunguza, jumla inakuwa sifuri na hesabu yote hii inaanguka. Dau la tanga ni sawa, maana linasukumwa na upepo.