Tuzo za Oscar: walioshinda, walioshindwa na walioachwa mlangoni

Wazee wetu huku Karen, Nairobi, huitaja filamu ya Out of Africa kwa fahari. Je, ilistahili kuwa filamu bora katika tuzo za Oscar za 1986?

Kwa maoni yangu, haikustahili. Tuzo yake ya upigaji picha siipingi, maana aliyewahi kuvitazama vilima vya Ngong jua linapochwa atakiri kwamba mpiga picha aliviona kweli, na muziki wa John Barry ungali unagusa moyo. Lakini macho ya filamu hayaondoki kwa Karen Blixen, Mzungu mwenye shamba la kahawa. Hata Farah na Kamante, watumishi wake, ambao kila mmoja wao angeweza kubeba hadithi nzima, wanabaki kumzunguka yeye. Usiku ule filamu mbili ziliingia ukumbini zikiwa na uteuzi 11 kila moja: hiyo, na The Color Purple. Ya kwanza ilitoka na tuzo 7. Ya pili haikupata hata moja, na mwongozaji wake, Steven Spielberg, hakuwamo hata katika orodha ya waongozaji walioteuliwa. Mimi ningeipa The Color Purple tuzo ya filamu bora, kisha nimpe Whoopi Goldberg ile ya mwigizaji bora wa kike, kwa jinsi alivyomwonyesha Celie, mhusika mkuu, akijifunza, taratibu na kwa uchungu mwingi, kuinua uso wake mbele ya mume anayemtesa.

Je, Lupita Nyong'o alipewa haki yake?

Mwaka 2014 alipewa, aliposhinda tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa kazi yake katika 12 Years a Slave. Kinachoniuma ni mwaka 2020. Katika filamu ya Us aliigiza watu wawili, mama anayeilinda familia yake na pacha wake wa kutisha, akabadilisha sauti, mwendo na hata namna ya kupumua, kiasi kwamba mtazamaji husahau kuwa ni mtu mmoja. Chama cha wahakiki wa filamu cha New York kilimchagua kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka 2019, lakini Oscar haikumteua. Ikumbukwe kwamba waigizaji huteuliwa na waigizaji wenzao, na filamu za kutisha ni nadra kupata heshima kubwa katika tuzo hizo. Nadhani hilo ndilo lililomponza.

Watu Wote ilidhulumiwa mwaka 2018?

Hapana. Filamu hiyo fupi, inayotokana na kisa cha Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa kule Mandera mwaka 2015, ilishindwa na The Silent Child, ambayo pia ni kazi nzuri. Kuteuliwa kwake kulikuwa haki iliyotendeka.

Kwa nini Rafiki haikupelekwa kuiwakilisha Kenya?

Filamu hii ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018, ilhali hapa nyumbani ilipigwa marufuku. Kwa kuwa kanuni za Oscar zilidai filamu iwe imeonyeshwa hadharani nchini mwake kwa siku 7 mfululizo, mwongozaji alikwenda Mahakama Kuu, nayo ikasitisha marufuku kwa siku hizo 7 tu mwezi Septemba. Watu walijaa katika jumba la sinema la Prestige, barabara ya Ngong. Hata hivyo, kamati ya uteuzi iliichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, hadithi ya mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamtengenezea filamu yake mwenyewe. Naipenda Supa Modo na sitaki kuidunisha, lakini ningeipeleka Rafiki, kwa sababu ilikuwa imeshapata watetezi nje ya Kenya, na filamu ya lugha ya kigeni isiyo na watetezi huko ni vigumu kutazamwa na wapiga kura wa kutosha. Orodha ya filamu 5 zilizoteuliwa ilipotangazwa Januari 2019, Kenya haikuwamo.