Barua kwa mwanangu aliyecheka ziwani

Songea, Julai

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama jikoni, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu nikampa mdogo wako anisomee kwa sauti, maana miwani ilikuwa imejaa mvuke wa chai. Alipofika pale pa ziwa akasita, akanitazama. Nikamwambia endelea.

Nayarudia maneno yako hapa, usije ukasema mama amejibu swali la mtu mwingine: "Asubuhi nilisimama mahali walipouawa watu kwa maelfu, jioni nikawa naogelea na wenzangu, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Usiku sikulala. Mama, mimi ni mtu wa namna gani? Na wewe uliwezaje kuishi karibu na kaburi la mashujaa miaka yote hiyo, unakaanga maandazi kama vile hakuna kitu?"

Hilo la pili ndilo lililonichoma, kwa hiyo naanza na la kwanza.

Ujue nilivyofurahi na kurasa zile za mwanzo, ambazo wewe mwenyewe unaziita porojo. Kwamba huko Berlin unaingia zamu ya asubuhi wodini ukiwa bado na usingizi, ukitoka mchana unapanda baiskeli mpaka bustanini, mnanunua tikiti maji moja wasichana watatu mnalikata kwa kisu cha kukopa. Kwamba saa tatu usiku jua bado lipo, watu wamelala kwenye majani nusu uchi na hakuna anayewashangaa. (Wewe usilale hivyo. Najua utalala, lakini nimesema.) Huku Julai ndiyo baridi yetu, milima ya Matogoro haionekani asubuhi kwa ukungu, na mimi natembea na lile sweta lako la shule. Nyie mkisema kiangazi ni joto na maziwa ya kuogelea, sisi kiangazi ni vumbi, ni mahindi yaliyoanikwa uani, ni kupukuchua mpaka vidole vinatoka malengelenge. Mtoto wangu kukaa mahali akala tikiti na kucheka, bila kupukuchua hata gunzi moja, mimi naona ni mapumziko niliyoyalipia kwa maandazi mengi sana. Usiyaombee radhi.

Sasa Sachsenhausen, ile kambi ya mateso ya Wanazi nje ya Berlin. Umeniandikia kwa kirefu kuliko ulivyowahi kuandika tangu ufike huko: treni mpaka Oranienburg, kutembea katikati ya nyumba za watu zenye maua madirishani, kisha ghafla lango lenye maandishi ya chuma yanayosema kazi huleta uhuru. Hapo nilisonya, Mungu anisamehe. Watu zaidi ya 200,000 walipitishwa kwenye lango hilo kati ya 1936 na 1945, na makumi ya maelfu hawakutoka. Lakini hesabu hiyo haikunikaa kichwani kama ile njia ya viatu. Wafungwa wakitembezwa kuzunguka uwanja, juu ya mchanga, juu ya kokoto, juu ya lami, hadi kilomita 40 kwa siku, ili viwanda vijue soli ipi inadumu. Mimi niliyetembea pekupeku mpaka darasa la tano niliusoma mstari ule nikakunja vidole vya miguu.

Ukatoka hapo, ukanyamaza njia nzima, ila joto lilikuwa kali na mwenzako mmoja akasema twende tukaoge Lehnitzsee, ni hapo hapo. Mkaenda. Yule msichana akateleza akaangukia majini na simu mkononi, mkacheka. Usiku ukafungua ramani ukakuta karibu na ziwa hilo ndipo kilipokuwa kiwanda cha matofali ambako wafungwa walifanyishwa kazi hadi kufa. Usingizi ukapotea.

Nimeelewa. Sasa nisikilize nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia, kwa sababu linanitia aibu kidogo.

Desemba 1978 nilikuwa na miaka 12, shule imefungwa. Makumbusho ya mashujaa wa Majimaji hapa Songea yalikuwa bado, yalifunguliwa 1980. Siku hiyo tumetoka porini, mimi na marafiki zangu wawili, tumejaza masuku kwenye sketi. Tulitafuta pa kukaa, na pa kukaa tulipopaona ni pale kwenye kaburi la pamoja. Tukakaa ukingoni. Tukala, tukatema kokwa, tukashindana nani anatema mbali. Tulijua ni kaburi, na shuleni tulifundishwa. Tulijua kwamba tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 kwa siku moja, Nkosi, yaani chifu, Mputa Gama akiwamo, wakawatia shimo moja, na kwamba Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na akazikwa peke yake. Niliweza kulisema lote hilo kwa ghibu na kokwa la suku likiwa mdomoni.

Akatokea bibi yangu, anatoka sokoni na kikapu. Nikajua leo ni fimbo. Bibi akatua kikapu, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Mbona mnakula mbele ya watu bila kukaribisha?"

Hatukuelewa. Akarudia, safari hii kama anayesema na watoto wa jirani wasio na adabu: "Mmekaa kwenye uwanja wa watu, mna masuku tele, hamsemi hata karibu?"

Basi ikabidi tuseme. Watoto watatu tumesimama, mikono inanata, tunaliambia kaburi karibuni masuku. Mwenzangu mmoja akashindwa kujizuia, akapasuka kicheko. Na bibi naye akacheka. Akacheka hasa, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akakaa nasi pale pale ukingoni, akaomba suku moja, akala.

Alipomaliza ndipo akatuambia lile ambalo vitabu vyetu vilikuwa vimeandika kwa mstari mmoja. Mama yake alikuwa msichana vita ya Majimaji, ile ya kuwapinga Wajerumani, ilipopita huku. Kuhusu kamba na wakubwa walionyongwa alisimulia kidogo tu. Habari ya vihenge ndiyo aliyosimulia maisha yake yote. Wajerumani na askari wao walichoma mashamba, wakachoma vihenge, wakachukua ng'ombe, kwa makusudi, maana maofisa wao walikwisha kuandika kwamba bunduki peke yake haitoshi, njaa ndiyo itakayowanyenyekeza watu. Wanahistoria wapo wanaohesabu hadi watu 300,000 waliokufa katika vita ile, na walio wengi ni wa njaa. Mama yake bibi alikula mizizi ya porini, akazika wadogo zake. Ndiyo maana kwake kula mbele ya wafu hakukuwa kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa kula kama wao hawapo.

Kwa hiyo unaponiuliza niliwezaje kukaanga maandazi jirani na kaburi, nakujibu kwamba ningeona haya kutokukaanga. Umesahau Februari zetu? Kila mwaka wiki ile ya mashujaa watu wanamiminika, wanakuja na ngoma, lizombe inapigwa mpaka ardhi inatetemeka, wazee wamevaa ngozi na njuga, watoto wanagombania miwa, na mimi na karai langu pembeni. Wewe mwenyewe ulikuwa unakusanya vikombe vya chai na unawacheka wanafunzi waliokuja na basi wakaogopa kuziangalia sanamu za manduna. Hapo hukujiuliza kama una moyo. Na kila asubuhi ya siku hizo andazi la kwanza silili wala siliuzi. Ulidhani namwekea nani kwenye kile kisahani? Uliwahi kulila, nakumbuka, nikakupiga kibao. Sikukueleza, nikaona mtoto mdogo hataelewa. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii. Nilirithi maelezo nikarithisha kibao.

Nisikudanganye kwamba moyo wangu umetulia kuhusu Wajerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao Steinmeier alipokuja hapa, akaenda kwenye makumbusho, akakutana na ndugu wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na watu wake, mimi nilisikiliza kwenye redio huku nageuza chapati. Jirani akauliza kupitia dirishani, "Mama, umemsamehe?" Nikamwambia subiri, inaungua. Mpaka leo hajapata jibu. Wazee wanasema kichwa cha Nduna kilichukuliwa kikapelekwa huko uliko, na ukoo wake bado unakidai. Huwezi kumaliza kuomba radhi wakati kichwa cha mtu hakijarudi nyumbani kwao. Kwa upande mwingine, wewe ulizaliwa Peramiho, na mikono ya kwanza kukupokea ilikuwa ya sista Mjerumani aliyekuwa akinikemea kwa Kingoni. Leo unawaogesha wazee wao wodini, na unasema kuna bibi mmoja hakubali kulishwa na mwingine isipokuwa wewe. Nimejaribu kuyapanga haya yote upande mmoja, hayapangiki. Nimeyaacha.

Tena kuna yule mtu uliyemtaja karibu na mwisho, kama vile ni jambo dogo. Mtu wa Dar es Salaam aliyefia Sachsenhausen! Hapo ndipo mdogo wako alipolazimika kusoma mara mbili. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejiita huko Mohamed Husen. Kazaliwa 1904, baba yake askari wa Wajerumani, naye mwenyewe akaingizwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa mtoto wa miaka kumi. Akafika Berlin 1929 akidai mishahara ya baba yake na yake ambayo haikulipwa. Wakamwambia amechelewa. Mimi nimeuza chakula kwa mkopo miaka 30, najua ladha ya neno hilo. Akakaa huko huko, akawa mhudumu hotelini, akaoa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu, ya mwisho ikiwa ya kumsifu Carl Peters, yule mkoloni Mjerumani ambaye huku aliitwa Mkono wa Damu. Kisha wakamkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakamtupa kambini bila kesi. Akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Nimemfikiria sana. Bibi yangu hakupenda neno askari litajwe wakati wa chakula. Waliochoma vihenge hawakuwa wazungu peke yao, walio wengi walikuwa weusi wenye kofia na bunduki ya Mjerumani, na huyu ni mtoto wa kundi hilo. Bibi angemkaribisha? Nadhani angenuna kwanza. Angeuliza baba yake alipigana wapi, mwaka gani. Halafu angeuliza alikufa na njaa? Na akisikia alikufa katika kambi ya njaa, mbali na kwao, bila mtu wa kumwita kwa jina lake, angesogeza kikapu.

Unasema kuna kijiwe chenye bamba la shaba kimewekwa kwa ajili yake mwaka 2007 Brunnenstraße, chini kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba alimokaa, na kwamba umepita mtaa huo mara kadhaa ukienda kununua mchele. Safari nyingine ukipita, simama. Huyo alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na mji mzima ule nina shaka kama kuna wengi wanaomwamkia kwa lugha yake. Mwambie shikamoo mzee. Kama una tikiti mkononi, unajua la kusema. Wenzako wakicheka, wacha wacheke, na wewe ukitaka kucheka cheka, kisha pandeni baiskeli zenu muende mnakokwenda.

Mambo ya huku ni mazima. Mahindi tumepata magunia 14, bei bado hairidhishi nasubiri Agosti. Dawa za presha nakunywa, usiulize tena. Kanga uliyoomba nimeshampa mtoto wa mama mdogo anayesafiri mwezi ujao, na ndani yake nimefunga karanga, zisije zikakuletea maneno uwanja wa ndege.

Mdogo wako anataka kujua, kama saa tatu usiku jua bado linawaka, huko chakula cha usiku mnakula saa ngapi. Mjibu mwenyewe, mimi amenichosha.

Mama yako